Kambi ya hifadhi au kambi binafsi: Ukienda kutazama wanyama, ulale wapi?

Kulala kwenye hema hifadhini si jambo la watalii wa ng'ambo tu. Familia, vikundi na shule zinaweza kukodi gari, kubeba mahema na chakula, na kwenda kwa gharama ndogo kuliko ya hoteli. Swali huwa moja: mlale ndani ya hifadhi au kambi binafsi nje ya lango?

Kambi za hifadhi

Katika hifadhi za taifa Tanzania, zinazosimamiwa na TANAPA, kambi ni za aina mbili. Kambi ya umma hutumiwa na makundi mengi kwa pamoja na huwa na vyoo, maji na banda la kupikia. Mfano ni kambi za Seronera, Serengeti. Kambi maalumu hupewa kundi moja tu kwa kuiwekea nafasi mapema, lakini haina huduma. Maji, kuni na kila kitu mnakuja navyo.

Nyingi hazina uzio. Fisi hupita usiku, na kambi ya Simba, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, inajulikana kwa tembo wanaokuja kunywa maji ya tangi. Kambi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, na baridi yake ni kali. Beba blanketi.

Kambi binafsi

Hizi ziko nje ya malango, kama Karatu na Mto wa Mbu. Nyingi zina uzio, umeme wa kuchajia simu, maji ya moto na chakula cha kununua. Mwenye watoto wadogo au mgonjwa hupumua hapa. Bei hupangwa na mwenye kambi, kwa hiyo mnaweza kuelewana, hasa mkiwa wengi.

Hesabu inayowaponyoka wengi

Ada ya kambi hailipii kiingilio. Ndani ya hifadhi utalipa vyote viwili. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini, hivyo kila mtu abebe kitambulisho.

Lakini kambi ya nje nayo inaweza kukugharimu. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja. Ukiingia saa 8 mchana na kulala ndani, utatazama wanyama jioni na alfajiri kwa kiingilio kimoja. Ukitoka kulala nje, kesho unalipa upya. Tena, magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini usiku. Ukichelewa, hutafika kambini wala langoni.

Kabla ya kulipa, uliza:

- Kibali kinaisha saa ngapi, na nikitoka naweza kurudi?
- Maji yapo msimu huu?
- Bei ni ya kila mtu au ya hema?
- Gari letu litafika mvua ikinyesha?
- Naweza kupikia nini: gesi au kuni?

Ukilala ndani, usiache chakula kwenye hema, kifungie garini. Usiku usitoke bila kumulika tochi pande zote, na mtoto asiende chooni peke yake.

Kwa kifupi: kama shabaha ni wanyama na muda ni mfupi, lala ndani. Kama mna watoto wadogo au wazee, lala nje, ingieni lango likifunguliwa.