Kuchomea vyuma wakati wa baridi: mambo ya kujua kwa anayeanza

Huku Lubumbashi, mwezi wa 6 na wa 7 ndiyo ya baridi zaidi. Mji uko kwenye urefu wa metre zaidi ya 1,200, na usiku joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Asubuhi, fundi wa milango na remorke anaweza kukuta vyuma vyake vimelowa umande. Kwa kijana anayeanza kazi hii, hapo ndipo mshono unaweza kumdanganya: kwa macho ni mzuri, lakini unapasuka wakati mzigo uko juu yake.

Baridi inafanya nini?

Chuma kinene chenye baridi kinakunywa joto haraka. Bageti inayeyuka, lakini chuma cha chini bado, kwa hiyo mshono unakaa juu tu. Tena, ukipoa mbio unaweza kuwa mgumu na kuvunjika. Tatizo lingine ni maji. Umande, kutu, rangi na mafuta vikishikwa na moto vinatoa hidrojeni, ambayo inaingia ndani ya chuma. Ufa unaweza kutokea saa nyingi baadaye, hata siku mbili.

Kabla ya kuanza

Kwanza ni kusugua chuma kwa brosi mpaka king'ae, kisha kukikausha. Chuma laini chembamba, kama cha madirisha, kikiwa kikavu na vuguvugu kinatosha. Chuma kinene kinapashwa moto pande zote mbili za mshono. Springi na ekseli za gari ni chuma kigumu sana. Anayeanza asiziguse, juu ya maisha ya watu.

Bageti zinakaa ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Zile za aina ya 7018 zikishika unyevu, jua halitoshi: zinahitaji kukaushwa ndani ya tanuri maalum.

Kwa bageti ya milimita 2.5, wengi wanatumia ampere 60 mpaka 90. Ni vizuri kujaribu kwanza kwenye kipande cha chuma cha aina ileile, kisha kukivunja kwa nyundo na kuangalia kama moto uliingia ndani.

Baada ya kumaliza

Mshono haumwagiwi maji ili upoe mbio. Kipande kinene kinafunikwa na majivu makavu, kipoe polepole.

Baridi isifunge mlango

Hatari kubwa zaidi ni kufunga atelye na kuwasha mbabula ndani. Makala yakiwaka yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, na inaua. Moshi wa kuchomea pia unahitaji njia ya kutoka, zaidi sana ule wa mabati na mabomba yenye zinki, ambao unaleta homa na kifua kubana.

Glavu zilizolowa na sakafu yenye maji vinaweza kupitisha umeme mwilini. Fundi anasimama juu ya ubao mkavu, anavaa glavu kavu za ngozi, na anatumia maski yenye kioo cha kazi hiyo. Miwani ya jua hailindi macho.

Kama kazi si ya haraka, ni heri kungoja jua likaushe vyuma. Mteja anaweza kungoja saa mbili. Mshono mbaya hauonekani mpaka siku ya ajali.