Akiolojia ya Ibada Kilwa na Songo Mnara

Akiolojia ya ibada katika visiwa vya Kilwa huchunguza misikiti, makaburi, mabirika, sarafu na masalio mengine ya dini yaliyoachwa na Waswahili wa pwani ya kusini mwa Tanzania, hasa kati ya karne ya 11 na ya 16. Maeneo yake makuu ni Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Sanje ya Kati, mkoani Lindi.

Habari za Kilwa zimezoeleka kusimuliwa kwa orodha ya masultani. Chanzo chake ni kumbukumbu ya historia ya mji, iliyobaki katika nakala ya Kiarabu na katika maandishi ya Mreno João de Barros ya mwaka 1552, ambamo Ali bin al-Hasan, mwana wa ukoo wa Shirazi, anakinunua kisiwa kwa nguo. Ni masimulizi ya kuupa ukoo wa kifalme haki yake, na yasomwe hivyo. Kuhusu ibada ya watu wasio wafalme hayasemi mengi. Hapo ndipo jembe la mchimbaji linapofaa zaidi ya kalamu ya mwanahistoria wa baraza la sultani.

Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974. Chini ya mji wa mawe alikuta kijiji cha nyumba za miti na udongo, chenye vyungu vya kienyeji na dalili za ufuaji wa chuma. Mji haukuletwa ukiwa kamili jahazini. Ulikua pale pale. Huyo Ali bin al-Hasan naye si jina la hadithi tu, kwani sarafu zake zipo. Chittick alimweka mwishoni mwa karne ya 12, lakini hazina ya sarafu iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 imewafanya wengi wamrudishe hadi karne ya 11. Sarafu za Kilwa zenyewe ni ushahidi wa dini: upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili tamko la kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa ziwe na kina kimoja. Mnunuzi wa samaki sokoni alishika mkononi dua fupi yenye vina.

Jengo linalotazamwa kwanza ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ukumbi wake wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, wa karne ya 11 au ya 12. Ni mdogo, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na paa lake lilishikwa na nguzo. Upana wa vyumba katika majengo ya namna hii uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki umbali mkubwa; mjenzi aliyetaka nafasi zaidi alilazimika kuongeza nguzo, hata zikamzuia mwenye kuswali asiione mihrabu. Mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, msikiti ulipanuliwa mno upande wa kusini. Upanuzi huo baadaye ulibomoka kwa sehemu kubwa, ukajengwa upya katika karne ya 15, na kuba na matao yanayoonekana leo ni ya ukarabati huo. Sultani huyo ndiye aliyejenga pia Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane.

Kibla cha Kilwa kina wepesi wake. Makka iko karibu kaskazini kamili ya kisiwa, kwa hiyo mwenye kuijua kaskazini alijua pa kuelekea. Matumbawe ya mihrabu yalichongwa yakiwa mabichi, yametoka baharini karibuni, kwa sababu wakati huo ni laini. Yakikauka huwa magumu na kuihifadhi nakshi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mahali pa wudhu panaeleza zaidi kuliko kuba. Pembeni mwa misikiti mingi ya pwani kuna kisima, birika la chokaa na mawe ya kusugulia miguu kabla ya kukanyaga sakafu safi. Wachimbaji wa jamii za kale za Kiyahudi hufuata alama za aina hiyo hiyo. Huko Palestina wao hutafuta bwawa la kujitakasa lenye ngazi za kushukia, lililoenea kuanzia karne ya kwanza kabla ya Kristo. Huko Dura-Europos, nchini Syria, sinagogi la miaka ya 244 na 245 lilitambulika kwa picha za ukutani na kwa kishubaka cha Torati kwenye ukuta unaoelekea Yerusalemu. Na kwenye kisiwa cha Elephantine, ndani ya mto Nile, askari wa Kiyahudi wa karne ya tano kabla ya Kristo walikuwa na hekalu lao, tunalolijua kwa hati za mafunjo kuliko kwa kuta. Maji na mwelekeo hudumu hata jina la mwabudu likiwa limepotea. Tofauti ni kwamba Kilwa dini yenyewe haijakatika, na mzee wa kisiwani anaweza kumweleza mchimbaji matumizi ya jiwe analolipiga picha.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliwasifu wenyeji kwa uchaji, akasema ni wa madhehebu ya Shafii, na akamtaja sultani kuwa mkarimu aliyetenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ya ngawira na kuwapa masharifu waliomjia kutoka Hijazi. Ngawira hiyo ilitokana na mashambulizi dhidi ya watu wa bara. Sifa na lawama zinakaa katika ukurasa mmoja, ingawa yeye mwenyewe hakuona lawama.

Songo Mnara, uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi ya 16, una misikiti mitano, kasri na nyumba za mawe zaidi ya 30. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walichimba huko kuanzia mwaka 2009, na badala ya kuta pekee wakapima pia viwanja vilivyo wazi. Makaburi yamo katikati ya mji, mbele ya macho ya kila mpita njia. Pembeni mwake zilipatikana sarafu na kokoto nyeupe za madini ya quartz zilizowekwa kwa mkono: dalili ya watu waliorudi kuzuru maiti wao, si kuwazika na kuondoka.

Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba ulichunguza mifupa ya kale kutoka maeneo kadhaa ya pwani, yakiwemo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wengi wa wazee wa kike walitoka Afrika, na wazee wengi wa kiume walitoka Uajemi, mchanganyiko ulioanza takriban mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi yalipata nguvu, lakini mama wa mji alikuwa mwenyeji.

UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004 na kuyatoa mwaka 2014 baada ya ukarabati.