Muhuri na Mlinzi Wake: Serikali ya Marekani na Vyombo vya Ithibati

Cheti cha chuo ni karatasi tu mpaka apatikane mtu wa kukiamini. Mwajiri hakumwona kijana akisoma. Mgonjwa hakumwona daktari wake akitahiniwa. Mzazi aliyelipa ada hakuingia darasani kuyapima mafundisho. Wote hawa huutegemea muhuri wa chuo, na chuo nacho huutegemea ushahidi wa mtu wa tatu asemaye kwamba amekikagua akakiona kinafaa. Ushahidi huo ndio uitwao ithibati. Sisi walimu wa Kiswahili tunalijua neno hili pamoja na ndugu zake, thabiti na thibitisha, yote yakiwa na asili ya Kiarabu na maana ya kusimama imara. Lakini je, huyo atoaye ithibati, yeye anathibitishwa na nani?

Katika makala haya tunakusudia kulifuatilia swali hilo katika historia ya Marekani. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, njia iliyoifuata si yetu. Katika Afrika Mashariki, ithibati ya vyuo vikuu ni kazi ya vyombo vilivyoundwa na sheria ya nchi. Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lililotokana na sheria ya mwaka 2001. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu iliyotokana na sheria ya mwaka 2005. Na Kenya, iliyoanza na Tume ya Elimu ya Juu mwaka 1985, ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa sheria ya mwaka 2012. Huko Marekani kazi hiyo hufanywa na jumuiya zisizo za serikali, nayo serikali huwa mkaguzi wa wakaguzi. Pili, vijana wetu wamekwenda kusoma huko kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1959 na 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walisafirishwa kwenda vyuo vya Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake. Nani aliyevipima vyuo hivyo si jambo la Wamarekani peke yao.

Jumuiya zilizojiundia wenyewe

Katiba ya Marekani haiitaji elimu hata mara moja, na Marekebisho yake ya Kumi huyaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo serikali kuu haikukabidhiwa. Idara ya elimu iliyoundwa mwaka 1867 ilikuwa ndogo, na kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya takwimu. Kwa hiyo katika karne ya 19 vyuo viliota kama uyoga. Vingine vilikuwa vyuo kwelikweli. Vingine vilikuwa shule za sekondari zilizojivika jina kubwa.

Ili kuitenga ngano na makapi, wakuu wa vyuo na shule wakaanza kuunda jumuiya zao: ya New England mwaka 1885, ya majimbo ya kati ya pwani ya mashariki mwaka 1887, na zile za kaskazini-kati na kusini mwaka 1895. Hazikuwa na nguvu yoyote ya sheria. Nguvu yao ilikuwa heshima. Mwaka 1913 jumuiya ya kaskazini-kati ilitoa orodha yake ya kwanza ya vyuo ilivyovikubali, na chuo kilichokosekana katika orodha kililazimika kujieleza kwa wazazi.

Upande wa mafunzo ya kazi, waganga ndio waliotangulia. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda baraza lake la elimu ya udaktari mwaka 1904. Mwaka 1910 ikachapishwa taarifa mashuhuri ya Abraham Flexner, aliyetumwa na Wakfu wa Carnegie kuzichunguza shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada. Alikuta shule zisizo na maabara za maana, na nyingine zilizompokea yeyote mwenye kulipa. Shule nyingi zikafungwa au kuunganishwa. Wagonjwa walipata faida, hapana shaka. Lakini msumeno hukata mbele na nyuma. Kati ya shule saba za udaktari zilizowafundisha Wamarekani weusi, ni mbili tu zilizodumu, Howard na Meharry, na kwa miaka mingi jamii hiyo ikakosa njia ya kutosha ya kupata madaktari wake. Kupima ubora ni kugawa nafasi pia, na mpimaji anapaswa kuulizwa kuhusu yote mawili.

Jaribio lililozimwa

Je, serikali kuu haikujaribu kufanya kazi hii yenyewe? Ilijaribu mara moja, nayo ikaungua vidole. Mwaka 1911 Kendric Babcock, mtaalamu wa elimu ya juu katika ofisi ya elimu ya serikali, aliandaa orodha iliyovipanga vyuo 344 katika madaraja manne. Orodha ilikuwa bado haijatolewa rasmi ilipovuja na kufika magazetini. Vyuo vilivyowekwa daraja la chini vilipiga kelele kote nchini. Rais William Taft akaizuia isitolewe, na Rais Woodrow Wilson, aliyemfuata mwaka 1913, akakataa kuifungulia.

Tangu hapo likajengeka wazo kwamba si kazi ya serikali kuu kusema chuo gani ni bora. Wazo hilo lingaliweza kudumu bila matata kama serikali isingalikuwa na fedha zake ndani ya vyuo.

Fedha zaingia

Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari waliopigana Vita Kuu ya Pili. Serikali iliahidi kumlipia kila askari aliyestahili hadi dola 500 kwa mwaka wa masomo, pamoja na posho ya kujikimu. Kufikia mwaka 1956, askari wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza kazi kwa msaada huo, na miongoni mwao milioni 2.2 walikuwa wameingia vyuo vya elimu ya juu.

Hii ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini fedha nyingi kiasi hicho hazipiti njiani bila kuonwa na wajanja. Shule za ufundi na biashara zilifunguliwa kwa wingi ili kuwapokea askari. Nyingine zilidai ada kubwa kuliko mafundisho yao. Nyingine zilidai malipo ya wanafunzi wasiohudhuria. Nyingine zilifundisha kazi ambazo hazikuwa na nafasi kwa wahitimu. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Olin Teague wa Texas, aliyekuwa mwenyewe askari wa vita hiyo, iliyafichua mambo hayo.

Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 1952 kwa ajili ya askari wa vita vya Korea, lilifanya mabadiliko mawili. Fedha sasa alilipwa askari mwenyewe badala ya shule. Na Kamishna wa Elimu akaagizwa kuchapisha orodha ya vyombo vya ithibati alivyoviona kuwa vya kutegemewa katika kupima ubora wa mafunzo. Tuitazame vizuri hatua hiyo. Serikali haikujipa kazi ya kuvikagua vyuo, maana ilikumbuka yaliyompata Babcock. Ilijipa kazi ya kuwakagua wakaguzi. Kuanzia hapo muhuri uliokuwa alama ya heshima ulianza kuwa ufunguo wa hazina.

Mafiga matatu

Tarehe 8 Novemba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Elimu ya Juu huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho ya mwaka 1972, ilipanua mikopo na misaada kwa wanafunzi wa kila namna. Ili chuo kizipokee fedha hizo kilihitaji kibali cha jimbo, ithibati ya chombo kilichotambuliwa, na idhini ya serikali kuu kuhusu hesabu zake. Wahenga wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu; Wamarekani nao waliweka mafiga yao matatu.

Tatizo likawa kwamba kila figa lilidhani yale mawili ndiyo yaliyobeba uzito. Majimbo mengi yalitoa leseni bila ukaguzi mkali. Serikali kuu ilisema imevikabidhi vyombo vya ithibati suala la ubora. Vyombo navyo vilijibu kwamba viliundwa ili vyuo visaidiane kujirekebisha, wala si kuwa polisi. Tena vyombo hivi huendeshwa kwa ada za vyuo vilevile vinavyovikagua. Hata sheria ya mwaka 1979 iliyounda Wizara ya Elimu iliikataza Wizara kutawala mitaala ya vyuo au vyombo vya ithibati vyenyewe.

Matokeo yalionekana mwaka 1990, pale kiasi cha wanafunzi walioshindwa kulipa mikopo yao kilipozidi asilimia 22, na kamati ya Seneti chini ya Sam Nunn ikasikiliza ushahidi wa udanganyifu mwingi katika shule za ufundi za biashara. Marekebisho ya mwaka 1992 yakaandika katika sheria mambo ambayo kila chombo lazima kiyapime, na yakaweka kamati ya kumshauri Waziri kuhusu chombo gani kitambuliwe. Utambuzi hautolewi kwa zaidi ya miaka mitano bila kupitiwa upya. Lakini vyombo vipya vya majimbo vilivyokusudiwa kulitia nguvu figa lao vilipingwa na vyuo, na kufikia mwaka 1995 vilinyimwa fedha, vikafa.

Baraza lililonyang'anywa muhuri

Mtihani mkubwa ulikuja baadaye. Mwezi wa Aprili 2015 kampuni ya Corinthian, ambayo ilipata kuwa na vyuo zaidi ya 100, ilivifunga 28 vilivyosalia na kuwaacha wanafunzi wapatao 16,000 njiani. Wizara ilikuwa imegundua kwamba takwimu za wahitimu waliopata kazi zilipotoshwa. Mwezi wa Septemba 2016 ikafuata ITT, yenye vyuo zaidi ya 130. Vyuo vya ITT, na vingi vya Corinthian, vilikuwa na ithibati ya baraza moja, lijulikanalo kwa kifupi kama ACICS, lenye asili ya mwaka 1912. Muhuri wake haukuwa umeondolewa mpaka nyumba zilipoanguka.

Juni 2016 kamati ya ushauri ilipendekeza baraza hilo lisitambuliwe tena, na Desemba mwaka huo Waziri John King akaukata utambuzi wake. Baraza likaenda mahakamani. Machi 2018 jaji aliona kwamba Wizara haikuutazama ushahidi wote uliokuwa mbele yake, na mwaka huohuo Waziri Betsy DeVos akalirudishia utambuzi. Agosti 2022 Wizara ililiondoa kabisa. Mwaka huo pia serikali ilifuta madeni ya dola bilioni 5.8 za wanafunzi 560,000 wa Corinthian, na bilioni 3.9 za wanafunzi 208,000 wa ITT. Gharama ya muhuri usio na mlinzi ilirudi kwa walipa kodi. Lakini miaka ambayo vijana wale waliitoa madarasani hakuna hazina iwezayo kuirudisha.

Mwisho wa mambo haujafika. Tarehe 23 Aprili 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kubadili namna ya kuvitambua vyombo hivi, pamoja na kuviadhibu vile ambavyo masharti yao ya kuchanganya watu wa asili mbalimbali yalihesabiwa na serikali yake kuwa ubaguzi. Watetezi wake walisema vyombo vilikuwa vimejitwalia madaraka yasiyo yao na kusahau matokeo ya wanafunzi. Wapinzani walisema serikali inaweza kupitia mlango huu kuingia darasani, mahali ambapo sheria ya mwaka 1979 iliukataza mkono wake.

Hapo ndipo penye fundisho la historia hii. Mlinzi asiyelindwa husinzia, nasi tumeona wanafunzi walivyoumia. Lakini amlindaye mlinzi naye anaweza kumgeuza mtumwa wake, na chuo kikapimwa kwa utii badala ya elimu. Dawa ya maradhi yote mawili ni ile ambayo Babcock hakuruhusiwa kuitumia na ACICS ilichelewa kutumiwa: vipimo vijulikane kabla, sababu za kila uamuzi zitangazwe, na aliyeonewa awe na mahakama ya kwenda.

Katika nchi zetu mkaguzi ni serikali yenyewe, kwa hiyo swali letu ni zito zaidi, maana juu yake hapana wizara nyingine ya kumkagua. Waliosalia ni wananchi, na miongoni mwao walimu. Mwanafunzi wetu anapotuuliza chuo gani aende, tusimjibu kwa ukubwa wa tangazo, kwani kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumfundishe kuuliza maswali matatu: nani amekipa chuo hiki ithibati, kwa vipimo gani, na mtoa ithibati huyo hujibu kwa nani.