Boris Johnson: Mzaha wake na waliolipa gharama

Agosti 2012, London ikiwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki, meya wa jiji hilo, Boris Johnson, alikwama kwenye waya juu ya bustani ya Victoria. Akaning'inia hewani na kofia yake ya usalama, bendera ndogo ya Uingereza katika kila mkono, akiwatania waliokuwa chini. Mwanasiasa mwingine angefedheheka. Yeye alizidi kupendwa.

Johnson, aliyezaliwa New York mwaka 1964 na kusoma Eton na Oxford, aliujua mapema uzito wa maneno. Mwaka 1988 gazeti la The Times lilimfukuza kazi kwa kubuni nukuu. Baadaye akiwa Brussels aliliandikia Daily Telegraph habari za urasimu wa Ulaya zilizotiwa chumvi nyingi, na wasomaji wakazifurahia.

Afrika nayo haikusalimika. Mwaka 2002, akiikejeli safari ya Tony Blair nchini Kongo, aliwaeleza watu weusi kwa lugha ya kikoloni, na hata neno la Kiswahili "panga" akalichomeka humo. Aliomba radhi mwaka 2008, alipowania umeya. Aprili 2016 aligusia asili ya Kenya ya Barack Obama, akidokeza kwamba huenda Rais huyo wa Marekani alirithi chuki dhidi ya himaya ya Uingereza.

Miezi mitatu baadaye aliteuliwa waziri wa mambo ya nje, kazi ambayo neno moja la ovyo laweza kumwumiza mtu aliye mbali. Novemba 2017 aliiambia kamati ya bunge kwamba Nazanin Zaghari-Ratcliffe, Muingereza mwenye asili ya Iran aliyefungwa mjini Tehran, alikuwa akifundisha uandishi wa habari. Mwenyewe alisema alikwenda kuitembelea familia yake. Siku chache baadaye alipelekwa mahakamani, na kauli ya Johnson ikatumiwa dhidi yake. Waziri aliomba radhi. Bibi huyo alirejea nyumbani Machi 2022. Mei akakutana na Johnson, sasa waziri mkuu, akamweleza ana kwa ana jinsi alivyoishi katika kivuli cha maneno yale.

Julai mwaka huo mawaziri wake walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, naye akalazimika kutangaza kuondoka. Katika maswali yake ya mwisho bungeni aliwaaga wabunge kwa kauli ya Kihispania kutoka filamu ya Terminator. Wabunge wa chama chake walisimama wakapiga makofi.