Kovu Ndani ya Mshipa

Wengi wetu hudhani kwamba mshipa wa moyo ukishazibuliwa kazi imekwisha, kama bomba la maji lililopita mikononi mwa fundi. Historia ya tiba hii yafundisha vingine. Mshipa si bomba. Ni nyama hai, na nyama hai ikijeruhiwa huota kovu.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Uswisi, daktari Mjerumani Andreas Grüntzig alipenyeza mrija mwembamba wenye kijiputo hadi ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38. Kijiputo kilipojazwa, kilitanua mahali palipobana, damu ikapita, na kifua hakikupasuliwa. Madaktari wengi walishangilia. Grüntzig naye hakutosheka na shangwe: aliwaita wagonjwa wake warudi kupigwa picha tena baada ya miezi kadhaa, hata wale waliojiona wazima.

Kurudi huko ndiko kulikofichua ukweli. Mwaka 1984 ilitolewa Marekani taarifa ya wagonjwa 557 waliopigwa picha ya pili. Kwa kiasi cha theluthi moja, mshipa ulikuwa umebana upya. La kutisha zaidi, karibu robo ya hao hawakuwa na maumivu yoyote ya kifua. Na wako waliolalamika kifua, kumbe mshipa uko wazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Hapa, ndugu msomaji, mgonjwa hafichi kitu. Ni maradhi yenyewe yanayojificha. Basi aaminiwe nani, mgonjwa au picha?

Madaktari walijifunza kuwasikiliza wote wawili, na kuuliza pia siku. Maumivu makali yakija saa au siku chache baada ya tiba, hushukiwa damu iliyoganda. Yakirudi kati ya mwezi wa kwanza na wa sita au zaidi kidogo, hushukiwa kovu. Yakirudi baada ya miaka, huenda ni ugonjwa mpya mahali pengine, ingawa kovu nalo halijaachiliwa. Kisha hufuata kipimo cha moyo mgonjwa akiwa katika mazoezi, na picha ya mishipa. Kwa desturi, mshipa uliopungua upana kwa nusu huhesabiwa kuwa umebana tena. Lakini nusu ya picha si lazima iwe nusu ya damu. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 wataalamu wa Uholanzi na Ubelgiji walianza kupima kwa waya mwembamba shinikizo la damu mbele na nyuma ya mbano.

Tiba nayo haikulala. Mwaka 1986, Toulouse, Ufaransa, Jacques Puel aliweka kimiani cha chuma, yaani stenti, kuushikilia mshipa. Majaribio mawili ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba stenti hupunguza kubana upya, lakini haikomeshi: kovu lilipenya katikati ya nyuzi. Mwaka 1999, São Paulo, Brazili, Eduardo Sousa na wenzake waliweka stenti zilizopakwa dawa ya kuzuia kovu. Idadi ikashuka sana, wala haikufika sifuri. Leo vyombo vya mawimbi ya sauti na vya mwanga huingizwa mshipani kuona kama stenti haikutanuka vizuri, au kovu limejaa ndani yake, kwa kuwa kila sababu ina dawa yake.

Grüntzig alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1985. Miaka miwili baadaye mgonjwa wake wa kwanza alipigwa picha, na mshipa ulikutwa wazi. Habari njema hiyo nayo isingejulikana kama asingeitwa kutazamwa. Kwangu mimi, heshima kubwa ya madaktari wale si kule kuzibua tu. Ni kwamba walirudi kuikagua kazi yao wenyewe, wakayaandika waliyoyaona hata yalipowaumiza.