Bizari ya Piza, Si Mitishamba ya Piza

Shangazi yangu wa Tanga aliletewa kichupa cha majani makavu ya kunyunyizia piza, akaniomba nimsomee maelezo yake. Mtu alikuwa ameyatafsiri kwa Kiswahili, na mstari wa kwanza ulisema: "Mchanganyiko wa mitishamba na viungo." Shangazi akakifungua, akanusa, akakirudisha mezani taratibu. "Mwanangu," akauliza, "hiki ni cha kula au cha kujifukiza?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mitishamba kwa Mswahili ni dawa: mwarobaini wa homa, mlonge, mizizi ya kuchemsha na kunywa kikombe asubuhi na jioni. Hakuna anayesema ametia mitishamba kwenye mchuzi. Aliyetafsiri alifungua kamusi bila kupita jikoni, na mama aliyepika kwa miaka hamsini akaogopa chakula kwa sababu ya neno. Makala haya yanatafuta jina ambalo lisingemtisha.

Tuanze na kule neno lilikotoka. Kiingereza hugawa vitia ladha mafungu mawili. Fungu la kwanza, "herb", jina lake linatokana na Kilatini herba, yaani nyasi au mmea mbichi. Fungu la pili, "spice", linatokana na Kilatini species, neno ambalo baadaye lilikuja kutumika kwa bidhaa za wafanyabiashara. Mgawanyo huo umebeba ramani ndani yake. Mzungu alichuma jani nyuma ya nyumba yake, ilhali karafuu, pilipili manga na mdalasini alivinunua kwa bei kubwa baada ya kuvuka bahari. Bustani ilikuwa na jina lake, na bandari nayo ikawa na lake.

Sasa simama Pemba uitazame ramani hiyo hiyo. Karafuu imeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba. Mdalasini umechunwa kwenye mti ambao watoto wanaupanda wakicheza. Kinachofika kwa meli ni oregano kavu, ambayo kwa wingi hutoka Uturuki. Cha bustani kwao ni cha dukani kwetu, na cha bandari kwao ni cha shamba kwetu. Anayetafsiri mafungu hayo mawili neno kwa neno anaingiza katika Kiswahili jiografia ya watu wengine, kisha anashangaa kwamba msomaji hamwelewi.

Kiswahili chenyewe hakikutazama kitu kilikotoka, kilitazama kazi yake. Kuunga ni kufanya vitu viwili viwe kimoja. Seremala huunga mbao, mganga wa mifupa huunga mguu uliovunjika, na mpishi huunga mboga. Goti na kiwiko ni viungo vya mwili. Uwanjani, mchezaji wa kati anayepokea mpira kwa mabeki na kuufikisha kwa washambuliaji huitwa kiungo. Jikoni, samaki aliyechemshwa kwa chumvi na ndimu tu ni chukuchuku. Akitiwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, ameungwa. Kwa hiyo kiungo ni chochote kinachoshikanisha ladha za chakula, kiwe jani kama kotimiri, mbegu kama iliki, gome kama mdalasini au tumba la ua kama karafuu. Neno moja linatosha kwa yote, na linatosha kwa sababu limetaja kazi.

Je, linafaa kwa piza? Napoli, mji wa Italia uliolea chakula hiki, una piza iitwayo marinara. Haina jibini. Ina nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Umoja wa Ulaya ulipoisajili piza ya Napoli mwaka 2010, mapambo yaliyotajwa yalikuwa ya aina mbili tu: marinara, na margherita yenye nyanya, mozzarella na majani ya mrehani. Mwaka 2017 UNESCO ikaitambua kazi ya mafundi wa piza wa mji huo kuwa urithi wa binadamu. Katika piza zote mbili, jani moja tu ndilo linaloamua harufu ya sahani nzima.

Namna jani linavyofanya kazi ndiyo iliyonishawishi. Harufu ya oregano hutokana zaidi na mafuta yake yenye kavakroli na thimoli. Mafuta hayo huyeyuka vizuri katika mafuta mengine kuliko katika maji. Ukiinyunyiza juu ya nyanya peke yake, harufu hubaki pale jani lilipoangukia. Ukimimina mafuta ya zeituni, mafuta huichukua na kuieneza juu ya uchachu wa nyanya na kwenye ukingo wa mkate. Unga, nyanya na mafuta, vitu vitatu vilivyokuwa kila kimoja na lake, huwa na ladha ya kitu kimoja. Huko ndiko kuunga.

Hata jina oregano lenyewe limefuata kazi. Lilitoka Kigiriki, likapita Kilatini, na umbo tunalolitumia limepitia Kihispania, kwani Waitaliano wao husema origano. Mmea wa Ulaya ni Origanum vulgare, wa jamii ya mnanaa. Ile inayoitwa oregano ya Meksiko ni mmea wa jamii nyingine kabisa, Lippia graveolens, lakini wapishi wameipa jina lile lile kwa kuwa harufu zinakaribiana. Undugu wa majani hayo ni wa puani. Sisi tulipokee neno kama lilivyo, maana tayari linaishia na irabu: oregano hii, oregano kavu, oregano ya kusugua.

Mrehani hauhitaji kukopwa. Pwani tunaujua tangu zamani kama mmea wa manukato. Majani yake hufungwa pamoja na asumini katika vikuba vya wanawake. Hapa mwandishi wa istilahi achukue hadhari moja. Rehani ya majani ina asili yake ya Kiarabu, na rehani ya kuweka nyumba au shamba ina asili nyingine, ingawa kwa Kiswahili zimekutana katika matamshi. Kwenye mapishi ni salama kuandika "majani ya mrehani". Wala kivumbasi kisichukuliwe badala yake. Ni jamaa wa karibu, lakini ukali wake unafaa zaidi kufukuza mbu kuliko kukaa juu ya nyanya.

Jina la mchanganyiko mzima ndilo gumu. "Mchanganyiko wa viungo" ni sahihi, lakini linaeleza tu kwamba vitu vimechanganywa, jambo ambalo hata zege linaweza kusemewa. "Masala" ni neno hai, hasa Kenya, na lina safari ya kupendeza: lilitoka Kiarabu likaenda India, kisha likatufikia likiwa limevaa harufu ya huko. Kwa sababu hiyo hiyo, msomaji akisikia masala hutarajia iliki na tangawizi.

Limebaki neno lililokaa jikoni kwetu muda wote, bizari, ambalo bara wengi hulitamka binzari. Asili yake ni neno la Kiarabu la mbegu, na mpaka leo Oman na nchi za Ghuba hulitumia kwa mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa. Kwetu lina kazi mbili. Hutaja kiungo kimoja kimoja: bizari nyembamba, bizari tamu, bizari ya manjano. Hutaja pia mchanganyiko uliokusudiwa chakula fulani: bizari ya mchuzi, bizari ya pilau. Neno zaatari la Kiarabu limefuata njia hiyo hiyo, kwani hutaja mimea ya jamii ya thaimu na oregano, na hutaja pia mchanganyiko wa majani hayo na ufuta. Lugha za majikoni huruhusu jina la kitu kimoja kukua hadi likabeba kapu zima.

Napendekeza basi bizari ya piza. Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba bizari ni mbegu na hapa tuna majani. Lakini bizari ya mchuzi ina manjano yanayochimbwa ardhini, na bizari ya pilau ina mdalasini ambao ni gome. Neno liliacha zamani kuuliza sehemu ya mmea. Pingamizi ya pili ni kwamba bizari humfanya mtu afikirie rangi ya njano. Bizari ya pilau haina rangi hiyo, na hakuna anayeikataa kwa ajili hiyo. Sifa inayofuata baada ya "ya" ndiyo inayoongoza macho na pua.

Istilahi hupimwa kwa kutumiwa, kwa hiyo tuitengeneze. Chukua vijiko vikubwa vitatu vya oregano kavu, viwili vya majani makavu ya mrehani, na kimoja cha thaimu. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha kitunguu saumu kikavu cha chengachenga, kijiko cha chai kimoja cha shamari, ambayo wengine huiita bizari tamu, kimoja cha pilipili kavu iliyopondwa, na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Chumvi usitie. Unga una chumvi yake na jibini lina yake, na bizari isiyo na chumvi inakuacha huru kuongeza.

Hapa anayejua bizari ya pilau ajihadhari na mazoea. Mbegu za pilau hukaangwa kavu kabla ya kutwangwa ili harufu iamke. Katika bizari ya piza ni shamari peke yake inayostahili kikaango, kwa dakika moja, kisha ikapondwa kidogo kwenye kinu. Majani yakikaangwa, harufu yake huishia hewani na wewe hubakiwa na makapi. Hata kusagwa yasisagwe. Yachanganye yakiwa chengachenga, na siku ya kutumia uyasugue kwa viganja juu ya chakula. Kama unakausha mrehani wako mwenyewe, uanike kivulini penye upepo, wala usiuanike juani. Pamoja na hayo mrehani hupoteza mengi ukikauka, tofauti na oregano ambayo ukavu huitia nguvu. Ukiwa na majani mabichi, yapunguze kwenye bizari na uyatupie juu ya piza ikishaiva.

Kijiko cha chai kimoja kinatosha piza ya upana wa sentimita 30. Tanuri la Napoli lina moto wa zaidi ya nyuzi 400 na piza huiva kwa dakika moja au moja na nusu. La nyumbani, lenye nyuzi 250, huhitaji dakika kumi hivi, na muda huo ni mrefu kiasi cha kuunguza kitunguu saumu kilichoachwa juu. Kwa hiyo koroga bizari kwenye rojo la nyanya pamoja na mafuta, uiache ilowe kidogo ndipo upake. Inayobaki itie kwenye chupa yenye kifuniko na uiweke kabatini, mbali na jiko na mwanga. Itakaa miezi sita na harufu yake.

Katika maelezo yote hayo neno mitishamba halikuhitajika. Pale majani yalipotakiwa kutengwa na mbegu, "majani" yalitosha. Anayetaka istilahi kamili aseme majani ya kiungo, kwa mfano wa majani ya chai. Kichupa cha shangazi nilikibandika karatasi mpya yenye maneno matatu. Kwa waandishi wa mapishi, wa kamusi na wa vibandiko vya dukani naweka hapa kidahizo, wakipime:

bizari ya piza, nm [i-/zi-]: viungo vikavu vilivyochanganywa, vingi vikiwa majani ya kiungo kama oregano na mrehani, pamoja na kitunguu saumu na pilipili, visivyosagwa, vya kuungia piza. Koroga bizari ya piza kwenye nyanya kabla ya kupaka.