Upasuaji wa Pili: Historia ya Kubadilisha Vali Bandia za Aota Zilizoharibika, 1960–2015

Mwaka 1960, jijini Boston nchini Marekani, Dwight Harken alifanikiwa kupandikiza vali bandia mahali pa vali ya aota, yaani mlango unaopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini na kuizuia isirudi. Masimulizi ya tiba hii kwa kawaida huanzia kwenye ushindi huo. Hata hivyo, mabadiliko yaliyofuata yaliongozwa kwa kiasi kikubwa na hofu ya upasuaji wa pili.

Vali za awali, zenye tufe lililocheza ndani ya kizimba cha chuma, zilikusudiwa kudumu. Lakini damu iliganda juu yake, na mgonjwa alihitaji dawa za kuzuia hali hiyo maisha yake yote. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Alain Carpentier wa Paris alihifadhi tishu za nguruwe kwa glutaraldehaidi. Vali hizo zilipunguza haja ya dawa, ila zilikakamaa kwa kalsiamu, hasa kwa vijana, na wengi walirudi hospitalini baada ya miaka kumi au kumi na mitano.

Kurudi huko kulikuwa na hatari yake. Makovu huweza kuugandisha moyo kwenye mfupa wa kifua, hivyo msumeno unaofungua kifua huweza kuujeruhi. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huunganishwa na mashine ya moyo na mapafu kupitia kinena kabla kifua hakijafunguliwa.

Mfano mzito zaidi ni vali ya Björk-Shiley yenye kisahani kilichobinuka, iliyotumika kuanzia 1979 hadi 1986 kwa wagonjwa wapatao 86,000. Kijiti chake kilicholehemiwa kiliweza kuvunjika ghafla, kisahani kikachomoka. Wengi hawakupatwa na ajali hiyo. Lakini kila mmoja alikabiliwa na swali moja: aiache vali inayofanya kazi vizuri, au ahatarishe maisha ili iondolewe?

Mwaka 2002, mjini Rouen, Alain Cribier alipitisha vali kwenye mshipa wa damu kwa katheta. Kufikia 2015, Marekani ilikuwa imeidhinisha kupachika vali mpya ndani ya vali ya tishu iliyochakaa bila kupasua kifua. Lakini kila vali inayoingizwa ndani ya nyingine hupunguza njia ya damu. Upasuaji wa pili umeweza kuepukwa kwa baadhi ya wagonjwa. Uamuzi kuhusu vali ya kwanza ungali unabeba uzito wa ile itakayofuata.